Pampu Hazifi Siku ya Fundi

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Najua ukiuona mwandiko wangu utaniamkia kimoyomoyo kabla hujasoma mstari wa kwanza, kwa hiyo nimeitikia mapema.

Wewe na mama yako mko Kisesa, mmekwenda kumuaga bibi yako mzaa mama kabla hujasafiri. Mimi nimeachwa hapa Butimba nipumzike, utadhani kuna kazi nyingine ninayofanya siku hizi. Nimepumzika mpaka nimechoka kupumzika. Nikaamua kuburuta meza hadi kibarazani, nikae nikuandikie lile jibu ulilonidai. Habari ya kuburuta meza usimwambie mama yako.

Uliniuliza juzi tukiwa tunakula. Mama yako alikuwa ameinuka kufuata chumvi, nawe ukaitumia nafasi hiyo. "Baba, maisha yako yote umekokotoa vitu vitadumu muda gani. Hebu jikokotoe mwenyewe. Nikirudi nitakukuta?" Nikajibu kwa mzaha, kama kawaida yangu. Nikasema ng'ombe hazeeki maini. Hukucheka. Ukanawa mikono, ukasema, "Sawa. Mimi sifungi begi mpaka unijibu." Nimepita chumbani kwako sasa hivi. Begi liko wazi kitandani na nguo zimerundikana kwenye kiti, na ndege ni kesho alfajiri. Binti wa Kisukuma akishasema neno lake, ndiyo basi tena. Najua, nimeoa mmoja.

Mambo ya sweta, ya baridi ya Ubelgiji, ya dagaa kufungwa vizuri wasije wakanuka kwenye ndege ya watu, mama yako ameshayasema yote na atayarudia uwanjani mpaka mlinzi ayakariri. Mimi nitayaruka. Nataka nikueleze kazi yangu, hasa pale ilipoharibika, kwa sababu jibu lako limo humo na sijui njia nyingine ya kulifikia.

Ulipokuwa chekechea, mwalimu wenu aliwauliza baba zenu wanafanya kazi gani. Wewe ukasema, "Baba yangu anahesabu vitu vinavyokufa." Yule mama akaniita shuleni, akaniuliza kwa adabu sana kama nafanya kazi mochwari. Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia hapana, mimi ni mwalimu wa takwimu chuoni, lakini mtoto hajakosea sana.

Chukua glasi za mama yako. Glasi haizeeki. Ile ya harusi yetu iliyobaki kabatini na ile aliyonunua wiki iliyopita, hatari yao ni moja: siku mgeni akiiangusha, imekwenda. Kwa vitu vya namna hiyo kuna kanuni ya zamani, nyepesi kuliko zote. Halafu kuna vitu vinavyozeeka, kama tairi, na betri, na mimi. Hivyo, kila mwaka unaopita, hatari inapanda. Na kuna vingine vina tabia ya ajabu zaidi: vingi vinakufa vikiwa vipya kwa sababu viliundwa au vilifungwa vibaya, vinavyosalia vinatulia muda mrefu, mwishowe uzee unavikumba. Pampu za maji ziko hivyo. Kanuni inayosema ni sehemu gani ya vitu itakuwa imekufa kufikia muda fulani ndiyo tunayoiita mgawanyo wa uwezekano. Haya utayasoma huko kwa majina makubwa, ila wewe utayasoma kwa wagonjwa badala ya mashine. Hesabu ni zilezile.

Waliotutangulia walituachia kanuni chache, nzuri. Sisi tuliokuja nyuma kazi yetu kubwa imekuwa kuzishonea marinda. Unachukua kanuni ya zamani, unaongeza kigezo hapa ili iweze kujikunja, kingine pale ili itoe nundu, unaivuta mpaka inakaa sawasawa kwenye data uliyonayo. Ikikaa vizuri kuliko ya mwenzako, unaipa jina, unaandika makala, unapanda cheo. Sisemi ni kazi bure. Kuna data ambayo kweli gauni la zamani linaibana, na mtu akishona jipya kwa akili, anaokoa injini, anaokoa daraja, hata wagonjwa. Lakini wengi tunapenda kushona kuliko tunavyopenda kupima. Mimi nilikuwa wa kwanza katika hao.

Ofisi moja ya maji ilinipa kumbukumbu za pampu za mkono za vijiji vya kandokando ya ziwa, upande wa Misungwi na upande wa Magu. Kila pampu ilikuwa na siku iliyofungwa na siku iliyofariki. Nikachora. Kabula, nilipouona ule mchoro nilisahau kwenda kula. Pampu zilikuwa zinakufa kwa makundi. Zinatulia, halafu zinakufa nyingi kwa pamoja, zinatulia tena, halafu kundi jingine. Nundu mbili kila mwaka, safi, zimesimama kama vichuguu. Hakuna kanuni niliyoijua iliyokuwa na nundu za namna ile. Nikasema, hii sasa ni yangu.

Nilishona kwa mwaka mzima. Wewe ulikuwa darasa la nne, utakumbuka nilivyokuwa nakaa mezani na kalamu masikioni, mbili, moja kila upande, na wewe unaniuliza kama ni pembe. Kigezo kikawa cha tatu, cha nne, cha tano. Mwishowe kanuni yangu ikakaa juu ya ile data mpaka huoni mwanya. Nilitaka niiite Kabula. Mama yako alikataa katakata. Alisema mtoto wake hatapewa kitu cha vifo kiwe wajina wake. Nikaiita jina lingine refu la kitaaluma, likachapishwa, nikapigiwa makofi kwenye mkutano, nikarudi nyumbani na kuku wawili. Nilijiona mtu.

Ningeishia hapo isingekuwa neno. Ila nilikwenda mbali zaidi. Niliwaandikia wale wa ofisi ya maji ushauri. Nikawaambia, kanuni inaonyesha kwamba kati ya nundu moja na nyingine pampu hazifi, zimetulia, kwa hiyo hakuna haja ya fundi kuzunguka na pikipiki mara kwa mara. Atulie naye, mtaokoa mafuta. Ushauri wa kuokoa mafuta hausomwi mara mbili. Ulikubaliwa wiki ileile.

Baadaye nikataka picha ya pampu, niiweke kwenye mhadhara mwingine. Ilikuwa likizo, ukaning'ang'ania twende wote. Tulipofika Usagara tukaiacha barabara ya Shinyanga, tukashika ya kwenda Kigongo, kisha tukachepuka njia ya vumbi kuteremka ziwani. Nilichagua kijiji kile kwa sababu kwenye kumbukumbu pampu yake ilikuwa hai, na nilitaka picha yenye maji yanatoka.

Sakafu ya pampu ilikuwa kavu. Mbuzi walikuwa wamelala juu yake wanacheua. Wanawake walikuwa wanapanda kutoka ziwani na ndoo kichwani, na watoto wa rika lako wamesimama majini mpaka magotini wanachota. Ulitaka kuwafuata nikakuvuta mkono kwa nguvu mpaka ukalia. Nilikuwa naogopa kichocho. Kwa wale wengine hofu hiyo haikunijia, si mara moja.

Nikapelekwa kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja aliyeitwa Mama Shija, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Alikuwa anageuza mpunga juani. Nikamsalimia kwa Kisukuma, akafurahi, akatupa vigoda.

"Mama, pampu yenu imekufa lini?" nikamuuliza.

"Nani kakwambia imekufa? Inaumwa."

"Inaumwa tangu lini?"

"Tangu tunapanda huu mpunga unaouona."

"Mbona hamkutoa taarifa?"

Akaweka chini ule mti wa kugeuzia, akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni mwenye njaa. "Mwalimu, pampu yetu ya kwanza ilipokufa tulitoa taarifa siku hiyohiyo. Wakaja na lori, kenta. Wakaing'oa, wakasema inakwenda kutibiwa mjini. Mpaka leo haijarudi. Hata salamu haijatuma! Hii ya pili tukaambizana, hatusemi imekufa. Inaumwa. Fundi akija kwa zamu yake ataikuta mwenyewe, ataitibu hapahapa mbele ya macho yetu."

"Na vijiji vingine?"

"Wote hivyohivyo. Nani atajitangazia msiba halafu maiti ichukuliwe?"

"Na fundi huwa anakuja lini?"

"Tukishavuna, na tena mvua zikikaribia. Mwaka huu ndiyo hatujamwona. Tumesikia kuna mtaalamu mjini amesema asije."

Ukaniuliza kwa sauti, "Baba, mtaalamu ni nani?" Mama Shija akacheka, akakupa karanga. Nikaaga kabla hata sijapoa jasho, na ile picha sikuipiga.

Nadhani umeshaona. Zile nundu zangu mbili hazikuwa za pampu. Zilikuwa zamu za fundi. Pampu zilikuwa zinakufa muda wowote, moja leo nyingine mwezi ujao, kimyakimya, na zote zinaandikwa zimekufa siku fundi alipozikuta. Mimi nikakaa mwaka mzima nikishona kanuni yenye vigezo vitano, na kumbe nilikuwa nimetengeneza kanuni ya pikipiki ya fundi. Halafu nikaitumia kumzuia fundi huyohuyo asije.

Niliona aibu ambayo sijui niielezeje. Kesho yake nilikwenda ofisi ya maji nikafuta ushauri wangu, na fundi akaanza kuzunguka tena. Nikaliandikia jarida kwamba makala yangu iondolewe. Mwenzangu mmoja chuoni aliniita pembeni, akaniambia, "Kaka, kanuni imekaa vizuri, nani atakwenda kuuliza mbuzi? Nyamaza." Nilimjibu kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua. Walinicheka vya kutosha. Lakini kicheko kinapita. Kisichopita ni kwamba kuna watoto kijijini pale waliokojoa damu msimu ule. Hilo Mama Shija aliniambia niliporudi kumwomba radhi, na aliniambia bila ukali, huku ananimenyea muwa.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Kila kifo nilichopewa nilikiuliza: nani alikuona, na mara ya mwisho kitu chenyewe kuonekana kizima ilikuwa lini? Siku yenyewe ya pampu kufa mara nyingi hatuijui. Tunajua siku ya mwisho iliyoonekana inatoa maji, na siku ya kwanza iliyokutwa haitoi. Ukweli umo katikati, na ziko hesabu za kuubeba hivyohivyo ulivyo, bila kujidai unajua zaidi. Nilipozifanya, nundu zote zikapotea, na kanuni ya zamani ikatosha. Nilicheka peke yangu siku hiyo, maana nilikuwa nimepoteza mwaka kwa kitu kilichokuwa tayari kabatini.

Sasa nije kwangu mimi.

Wiki ile niliyotoka hospitali nilikuona umeinamia simu, na ulipogundua nakutazama ukaifunga. Najua ulichokuwa unasoma. Ule mchoro unaoshuka kama ngazi, wa watu wenye moyo uliotanuka kama wangu. Usidhani wewe ndiye wa kwanza. Niliusoma jioni ileile daktari aliponiambia, kabla sijamwambia hata mama yako. Nilikaa nao mapajani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mchoro wa namna hiyo ulinitoa jasho.

Ukifika huko watakufundisha kuusoma, lakini ngoja nikutangulie. Ile namba ya katikati iliyokutisha si tarehe. Ni mahali ambapo nusu walikuwa wameshaondoka na nusu bado. Tena ni watu wengine, wa mahali pengine, wengi wao walifika kwa daktari wakiwa hoi kuliko mimi. Na mimi kipande nimeshakiishi, kwa hiyo ukitaka kuhesabu, anzia hapa nilipo, usianzie mwanzo wa mstari. Halafu tazama kwa makini, kuna vialama vidogo juu ya ule mstari, kama alama ya kujumlisha. Hao ni watu ambao utafiti ulipofungwa walikuwa bado hai. Hakuna anayejua wao waliishia wapi. Anayeanza kazi hii huwa anawasahau, anahesabu waliokufa tu, na maisha yanaonekana mafupi kuliko yalivyo. Niliwafundisha wanafunzi vialama hivyo miaka mingi kwa haraka haraka, niende sehemu ngumu. Siku hizi nikiufungua ule mchoro sitazami kingine.

Lakini hayo yote si jibu, na hukushikilia ukaidi wote huo ili upewe hesabu. Jibu ni hili: sijui. Nipe pampu mia nitakuambia ngapi zitakuwa zinatoa maji utakaporudi, na sitakosea sana. Baba mmoja siwezi. Hakuna kanuni ya mtu mmoja, na hata nikiishona itakuwa uongo wenye marinda. Ningeweza kukuambia "utanikuta" ukafunga begi kwa furaha. Nimeshindwa. Nimeshatoa ushauri mmoja wa kutuliza watu, na nimekusimulia ulikofikia.

Naogopa, Kabula. Nakuambia wazi kwa sababu umeshakua. Kuna asubuhi naamka mama yako bado amelala, nasikiliza huu moyo unavyojikokota, na ninataka kuishi kama mtoto anavyotaka kitu dukani. Lakini ukibaki kwa ajili yangu naogopa zaidi. Utakuwa unaamka kila siku unanichungulia kama ninapumua. Utakuwa ile zamu ya fundi. Na mimi nitakula chakula chako chote nikijua ni maisha yako ninayokula. Sitaki. Huo ndio ukweli wote kuhusu kubaki.

Na kuna jingine. Ulilomwambia mama yako jikoni ameniletea, asikudanganye kwamba anatunza siri. Ulimwambia, "Baba akifa mimi niko huko hamtaniambia. Mtaniambia anaumwa, nirudi." Aliponisimulia nilitoka nje nikakaa kidogo, kwa sababu ulichokisema nakijua kuliko unavyodhani.

Nilikuwa nasoma Dar wakati bibi yako, mama yangu, alipofariki. Simu ilipigwa kwenye ofisi ya chuo. Alikuwa kaka yangu, baba yako mkubwa Masanja. Akasema, "Mama anaumwa sana, njoo." Nikaazima nauli ya basi. Nikapitia duka la dawa nikamnunulia glukosi na maziwa ya unga, maana akiugua chakula kilikuwa kinamshinda. Njia nzima nilimwombea apone. Nilijadiliana na Mungu kuanzia Morogoro. Niliahidi mambo mengi. Nilipopata usingizi nilimwota anaikoroga ile glukosi, analalamika kwamba ni tamu mno.

Nikashuka Usagara. Palikuwa na mama muuza karanga anayetujua kwetu wote. Akaacha sinia lake, akaja akanishika mikono yote miwili, akasema, "Pole, mwanangu. Pole sana." Nami nikamjibu, "Ahsante mama, atapona tu, nimemletea glukosi." Yule mama akafunika uso kwa kanga. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama yangu alikuwa amefariki kabla simu haijapigwa.

Siwalaumu. Kwetu ndivyo tunavyofanya, na tunafanya kwa huruma, mtu asije akaanguka njiani. Lakini tangu siku hiyo nikiambiwa kwa simu kwamba mtu anaumwa, ninamzika palepale. Utakumbuka nilipokuwa kwenye semina Dodoma, wewe uko sekondari, jirani akanipigia kwamba mama yako anaumwa. Nililia kwenye korido ya hoteli mbele ya watu wazima wenye tai. Nikapanda gari la usiku. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha, malaria imeshashuka, ananiuliza mbona nimerudi kabla ya posho.

Sitaki ubebe hiyo. Sitaki kila mlio wa simu huko ugenini unizike.

Kwa hiyo Jumapili, wewe ukiwa kanisani, niliwaita mama yako na baba yako mkubwa Masanja, nikawakalisha. Nikawaambia ninachotaka. Mama yako alilia, kisha akakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Masanja ndiye aliyegoma. Alisema, "Huwezi kumpigia mtoto simu ukamwambia baba yako amefariki, yuko peke yake, nchi ya watu. Si desturi. Atashikwa na nani?" Nikamuuliza, "Kaka, mimi kwenye lile basi nilishikwa na nani?" Yeye ndiye aliyepiga simu ile, na hatukuwahi kuizungumza. Akavua kofia, akasema, "Mdogo wangu, nilishindwa kulitamka. Nilijaribu likanikwama." Tukakaa hivyo, wazee wawili na mama yako, hakuna aliyetaka chai. Mwishowe akasema atalitamka safari hii, na kama likimkwama atampa mama yako simu.

Tumekubaliana hivi. Siku nitakapokufa utaambiwa saa hiyohiyo, kwa neno lenyewe, amefariki. Hutaambiwa njoo, hutaambiwa hali si nzuri. Na hutaambiwa naumwa isipokuwa naumwa kweli.

Nenda, mwanangu. Sikuahidi kwamba utanikuta. Nakuahidi kitu ambacho mimi sikuwa nacho kwenye lile basi. Wakikuambia baba anaumwa, usilie, usikate tiketi, usinizike. Maliza kipindi chako, kula, kisha nipigie tugombane kuhusu dawa nisizomeza. Na kila siku ambayo hujaambiwa kitu, siku hiyo nzima, niko hai.

Ni mimi baba yako, alasiri hii, mzima.